Riruta Halifuki, Karen Linafuka

Alhamisi, 3 Aprili

Gari la Bwana Thuo limetoka leo. Nimechoka, tena niko kwenye saumu ya sita, zile za Shawwal, lakini nimefurahi hata njaa siisikii.

Ni Beetle la zamani, injini nyuma, injini ya kupoozwa kwa upepo, haina rejeta wala tone la maji. Bwana Thuo wa Karen alilinunua kwa kuwa marehemu babake alikuwa nalo la namna hiyo. Akataka liende mbio kama magari ya vijana, lakini kwa macho libaki vile vile la mzee. "Mama Musab," aliniambia siku ya kwanza, "sitaki mtu afungue kifuniko cha nyuma aone kitu ambacho babangu hakukijua." Musab ni mwanangu aliye Mombasa, na hapa Nairobi kila mtu ananiita kwa jina lake, sijui nani alianza.

Basi turbo nimeificha. Nimeining'iniza chini kabisa, nyuma ya injini, ubavuni mwa sailensa, mahali ambapo huioni mpaka ulale chali. Shem alisema iko chini mno. Nikamwambia akipata gari lake aning'inize yake anapotaka. Shem ni mwenzangu wa yadi, mtu wa Busia, tuko naye tangu mume wangu yu hai. Ana tabia ya kusema jambo mara moja halafu anyamaze, na ndiyo inayoniudhi.

Dereva wa Bwana Thuo ndiye aliyekuja kulichukua. Anaitwa Musili, Mkamba wa makamo, mashati yake yamepigwa pasi mpaka yanakata. Yeye hachukui ufunguo akaenda, lazima aulize. Nikamweleza kuwa turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi, inasukuma hewa ndani ya injini, na kwa vile inazunguka kwa kasi ya kutisha inataka oili bila kukoma. Oili inaingia kwa nguvu ya pampu.

"Na kurudi kwa injini inarudishwa na nini, fundi?"

"Uzito wake. Oili ni kama maji, Musili. Inateremka yenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nami nikaridhika na vile nilivyomweleza.

Shem akapima oili, akaona imepungua kidogo, akaongeza. Musili akaachia breki, gari likateremka lenyewe mpaka langoni ndipo likawaka. Yadi yetu ya magari hapa Riruta iko mteremkoni, na gari lolote tunaliingiza kinyumenyume, mkia juu, pua ikitazama lango. Mume wangu ndiye aliyeweka desturi hiyo. Betri ikifa, huhitaji kumwita mtu akusukumie. Magari yote yanalala hapa hivyo hivyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Bwana Thuo amepiga simu. Gari linatoa moshi. Nikamuuliza moshi gani, akasema wa samawati, mwingi, asubuhi likiwashwa pale nyumbani mpaka majirani wanafunga madirisha. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Jumatano, 9 Aprili

Musili amelileta. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya kuja bila salamu. Tukaliingiza kama kawaida, tukaliacha likapoa, tukaliwasha.

Hakuna moshi. Tukaliacha lingurume muda mrefu, nikasimama nyuma yake kwa kitambaa cheupe mbele ya ekzosi kama bibi anayechuja nazi. Kitambaa kikabaki cheupe.

"Musili, moshi uko wapi?"

"Hata mimi nashangaa, fundi. Asubuhi ilikuwa inatoa. Wallahi."

Mkamba Mkristo ananiapia wallahi kwa kunistahi, nikacheka. Lakini nilipolala chini nikakuta bomba la turbo upande wa ekzosi limelowa oili, jeusi, bichi. Kwa hiyo moshi ulikuwepo. Oili imepita kwenye sili, zile pete za kuizuia, ikaingia ekzosi, ikaungua. Sasa kama ilipita Karen, kwa nini haipiti Riruta?

Nimebadilisha sili zote. Shem akapima oili, imepungua, akaongeza. Inapungua kwa sababu inaungua, nimemwambia, na akakubali.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Yadi ni uji. Namshukuru Mungu, hakuna simu.

Jumanne, 15 Aprili

Simu ilikuja jana, na gari leo. Moshi Karen, hapa hakuna.

Nimeshuka mjini, Kirinyaga Road, kwa Zuhair mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye aliyeniuzia turbo hiyo. Ilitoka kwenye Subaru iliyokuja kwa kontena kutoka Japani. Nikaiweka juu ya kaunta yake na nikamwambia maneno ambayo mtu mwenye saumu hapaswi kuyasema. Zuhair akaishika, akaizungusha kwa kidole, akaitikisa huku na huku akiwa ameitegea sikio.

"Khaloo, turbo hii ni nzima. Shafti haichezi hata kidogo."

"Basi mbona inamwaga oili?"

"Mimi nauza tu, khaloo. Fundi ni wewe."

Akanipa nyingine hata hivyo, ili niache kumfukuzia wateja. Nimerudi na vumbi la mjini na tope la Riruta mguu mmoja, nimeifunga mpaka magharibi. Nimefuturu tende moja, tena nikiwa nimesimama.

Kichwa kinaniwanga. Kitu kibovu huwa kibovu mahali popote. Jino bovu haliumi Karen likapona Riruta.

Jumamosi, 19 Aprili

Moshi tena. Turbo mpya, moshi ule ule.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda Karen mwenyewe. Nitaandika yote.

Nyumba ya Bwana Thuo iko ndani, miti mirefu, na gari linawekwa kwenye kibanda cha vigae ubavuni, juu ya kijia kinachopanda kutoka lango. Musili ana kota nyuma ya jikoni, chumba na nusu, ua mdogo wa sukuma wiki. Ameishi hapo miaka, bintiye amekulia hapo. Alinionyesha kwa fahari, akanikaribisha kiti chini ya kibaraza kwa kuwa mvua ilikuwa inamwagika.

Bwana Thuo akatoka na mwavuli. "Washa aone," akamwambia Musili.

Subhanallah. Moshi ulitoka mzito, wa samawati, ukajaa kibandani mpaka nikakohoa machozi. Kwa macho yangu. Nilikuwa na moyo mmoja wa kufurahi kwamba si uongo, na mwingine wa kutaka kuketi chini nilie.

Nikasema lizimwe. Tukangoja, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Nilikipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, imepita mbali. Nikapima tena. Ile ile.

Ndipo, baada ya wiki zote hizi, nikapata kitu cha kushika. Oili ikizidi, injini inashiba mpaka haipokei tena inayorudi kutoka kwenye turbo. Inajaa turbo, inapita kwenye sili. Kila kitu kikakaa mahali pake. Riruta Shem anapima na kuweka sawa, kwa hiyo halifuki. Karen kuna mtu anaongeza.

Nikamgeukia Musili. "Unaongeza oili?"

"Hapana, fundi. Siongezi. Nilikuwa napima tu asubuhi, vile mlinifundisha."

"Ukipima unaona nini?"

"Naona iko juu. Nikafikiri ndivyo inatakiwa."

"Haikupanda yenyewe, Musili. Kijiti hakina domo la kusema uongo."

Nilisema hivyo. Bwana Thuo alikuwa amesimama hapo na mwavuli wake, akatazama kijiti mkononi mwangu, kisha akamtazama Musili. Musili naye alikitazama kijiti. Nilitarajia akasirike, anijibu, ageuke mbogo. Alikikazia macho tu, midomo ikimcheza kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Nilipunguza oili iliyozidi nikaja zangu. Njiani kote nilijiona fundi.

Jumatatu, 28 Aprili

Bwana Thuo amepiga simu asubuhi. Musili amekubali.

"Jana nilimkalisha chini, nikamuuliza pole pole. Akanyamaza sana halafu akasema, ndiyo, labda ni mimi. Mama Musab, mimi naweza kuvumilia kosa. Uongo siwezi. Alinidanganya wiki tatu nikikutusi wewe moyoni." Amempa mpaka mwisho wa Mei atoke kwenye kota.

Nilimwambia hiyo ni kali mno kwa ajili ya oili. Akasema si kwa ajili ya oili.

Ilipasa nione raha, jina la yadi limesafishika. Lakini kuna jambo linanikereketa. Mtu anayesema uongo mbele yangu Ijumaa akiwa mkavu kabisa, kwa nini akubali Jumapili kwa kuulizwa pole pole? Na anaongeza oili ili apate nini? Nimemuuliza Shem. Shem akasema, "Mimi sijui. Wewe ndio ulikuwa huko." Halafu akanyamaza, vile ninavyomjua.

Ijumaa, 2 Mei

Gari limefuka.

Bwana Thuo analiendesha mwenyewe sasa, Musili haligusi, ufunguo analala nao. Alikuja jana tukapima, oili imepungua, Shem akaongeza. Hapa safi. Leo asubuhi Karen, moshi.

Nilifikiri atasema basi si Musili. Hakusema hivyo. Alisema Musili anafanya makusudi, kwa chuki, anaingia kibandani na ufunguo mwingine. Kwa hiyo hatangoja mwisho wa mwezi. Amemtoa leo, na vitu vyake, katika mvua hii.

Kama ni Musili, ni mtu wa ajabu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Kama si Musili, mbona alikubali? Na mbona oili ilipita alama? Niliiona. Sikuota.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeota kijiti cha oili kirefu kama ufito wa makuti, nakichomoa hakiishi.

Alhamisi, 8 Mei

Tumegombana na Shem.

Gari limerudi tena, limekaa pale mkia juu, safi kama mtoto aliyeogeshwa, haliwezi hata kukohoa. Nimesema kwa sauti kwamba afadhali lichomwe moto. Shem alikuwa anakunja paipu. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama Musab, Musili anakaa hapa Riruta sasa, kwa binti yake, nyuma ya posho mill. Nilimpata kwa njia."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Nilimwambia kuna jamaa anatafuta dereva wa gari ya watoto wa shule, kazi iko. Alikataa."

"Amekataa kazi?"

"Alisema hawezi kubeba watoto wa watu."

Nikasema huyo naye ana lake jambo. Shem akaweka paipu chini. "Wewe ndio ulimsema. Haukumuuliza vizuri. Uliona kijiti ukafunga kesi."

Nikamjibu kwamba miaka yote hii sijamsikia akilitetea jambo hata moja kwa sauti, kwa nini leo. Akasema leo limemchoma. Akachukua koti lake akaenda zake kabla ya wakati, na mimi nikabaki nikipanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nimekasirika. Sijui kama nimemkasirikia yeye.

Jumanne, 13 Mei

Jana jioni lori la mtu wa jirani lilimwaga kokoto mbele ya nafasi yetu ya juu, bila kuuliza, likaondoka. Shem alikuwa amelitoa Beetle kulijaribu barabarani. Aliporudi hakuweza kuliingiza kinyumenyume, basi akalipandisha pua mbele, akaliacha karibu na lango, mkia ukiwa bondeni. Akaniaga kwa kichwa tu. Tangu Alhamisi tunaagana hivyo.

Leo asubuhi nikaliwasha nilisogeze lipishe wauza maji.

Likafuka.

Hapa Riruta. Moshi ule ule wa samawati, mzito, ukatambaa mpaka barabarani, na mwenye kibanda cha chapati akatukana kwa Kikuyu. Nilizima nikakaa ndani ya gari mikono kwenye usukani. Kwanza nilidhani Musili ameingia yadi usiku. Ndiyo, nalikiri hapa ambapo hakuna mtu wa kunicheka, hilo ndilo lililonijia la kwanza.

Shem akaja mbio. Nikachomoa kijiti, oili imepita alama ya juu. "Uliongeza jana?" nikamuuliza. "Niliongeza kidogo tu, ilikuwa chini," akasema. "Ilikuwa chini gari likiwa wapi?" Akanionyesha kwa mkono pale juu, mkia mlimani.

Halafu sote wawili tukageuka tukalitazama gari, pua juu, mkia chini, maji ya mvua yakiteremka chini ya magurudumu kuelekea mkiani.

Tulilisukuma mpaka barabarani, tukaligeuza, tukalirudisha mkia juu kando ya kokoto. Tukangoja. Tukapima, oili iko chini ya alama. Oili ile ile, hatukuongeza wala kupunguza hata tone. Tukawasha. Likafuka kidogo, oili iliyobaki ikaungua, likatulia. Safi. Tukaligeuza tena pua juu, tukangoja, tukapima, imepita alama. Tukawasha, moshi. Mwenye chapati akauliza kama tumerogwa.

Kijiti cha Beetle kiko nyuma ya injini. Pua ikipanda, oili yote inakimbilia nyuma, na kijiti kinasema imezidi. Mkia ukipanda, oili inakimbilia mbele, na kijiti kinasema imepungua. Na sisi hapa kila mara tunapima mkia juu, tunaona imepungua, tunaongeza. Magari mengine yanavumilia. Hili lina turbo imening'inia chini kuliko oili yenyewe. Mkia ukiwa juu, turbo inainuka, inamwaga oili yake vizuri kwenda sampuni, bakuli la oili chini ya injini. Pua ikiwa juu, au hata mahali tambarare, oili itateremkia wapi? Chini ya turbo hakuna mahali. Inakaa humo humo, inajaa, inatafuta njia kwenye sili.

Kibanda cha Karen kiko juu ya kijia kinachopanda. Musili huliingiza pua mbele, kama mtu yeyote mwenye akili timamu.

Oili iliyozidi tuliiweka sisi. Nilikwenda Karen nikaipima mlimani, kwa uvivu wa kukwepa mvua, nikamwonyesha tajiri wake. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na mimi langu nililiona kwa mwenzangu.

Nimemwambia Shem turbo iko chini mno. Akasema, "Eeh." Hilo tu. Sikustahili hata hilo.

Jumatano, 14 Mei

Kwa Zuhair tena. Nimechukua pampu ndogo ya umeme, hozi za kuvumilia joto, na vali ya upande mmoja. Tumeunda kikopo cha chuma na kukifunga chini ya turbo. Oili inaangukia humo, pampu inainyonya na kuipandisha mpaka juu ya injini. Vali inazuia isirudi gari likizimwa. Haipandi yenyewe, lazima ibebwe, na mtoto wa darasa la nne angejua, tena mimi mwenyewe nilimweleza Musili kwa mdomo wangu kwamba oili ni kama maji.

Tumepima oili barabarani, pahali tambarare. Tumepunguza chungu nzima.

Alhamisi, 15 Mei

Pua juu, mkia juu, tambarare. Halifuki. Sina furaha nayo.

Jumamosi, 17 Mei

Nimelipeleka Karen. Nililiingiza kibandani pua mbele, nikaliacha lipoe tukinywa chai, nikaliwasha mbele ya Bwana Thuo. Hakuna kitu. Akatabasamu kama mtoto, akapapasa paa lake, akaniambia babake angefurahi. Nikamwacha amalize. Halafu nikamweleza yote, kuanzia yadi mpaka kijiti, kwamba Musili hakuongeza tone, kwamba oili ilikuwa yangu na kosa ni langu.

Alizungusha kikombe mpaka chai ikapoa.

"Lakini alikubali," akasema. "Mama Musab, mimi sikumpiga, sikumtisha. Nilimuuliza, akasema ndiyo. Nani anakubali kitu hakufanya?"

Nimeliuliza swali hilo hilo tangu Aprili.

"Mwambie arudi," akasema mwishowe. "Kota yake iko. Aje Jumatatu. Mimi nitamwomba msamaha mwenyewe." Nikamwona mzee kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imepumzika. Shem alinielekeza, lakini hakukubali kunisindikiza. Alisema safari hii ni yangu.

Ni ploti ya vyumba vya mabati nyuma ya posho mill. Musili alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, shati limepigwa pasi vile vile. Aliponiona akasimama, akaniita fundi, akanipisha kiti. Bintiye Nzembi alitoka ndani, msichana mkubwa, anafanya kazi ya keshia dukani Adams Arcade. Yeye hakunisalimu, na alikuwa na haki.

Sikuketi. Nikasema, "Musili, niwie radhi. Si wewe. Hukuongeza oili. Ni sisi, kule yadi. Na kijiti nilikipima vibaya."

Alinitazama. "Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Sasa niambie, kwa jina la Mungu, mbona ulikubali? Bwana Thuo haelewi, mimi sielewi. Uliogopa?"

Akakaa chini pole pole. Alisema akitazama mikono yake. "Mama yangu, kule Mwingi, alikufa hajui jina langu. Alianza na vitu vidogo, kitu anafanya halafu anasahau amefanya. Mimi nilikuwa najua siongezi oili. Lakini wewe ndiye fundi, na kijiti kilikuwa mkononi mwako, na ulisema hakidanganyi. Nikajiuliza, kama si mimi ni nani? Kibandani naingia mimi peke yangu. Basi nikaona labda naongeza halafu nasahau. Mzee aliponiuliza nikasema ukweli vile nilikuwa nauona. Labda ni mimi."

Nikaketi kile kiti.

"Ndiyo maana ulikataa gari la shule."

"Watoto wa watu, fundi. Nikisahau breki?"

Nzembi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu babake ahamie kwake amemkataza kugusa gesi, na asubuhi akienda kazini anafunga mtungi na kubeba kifungulio cha gesi kwenye mkoba. Babake mwenyewe ndiye aliyemwomba afanye hivyo.

"Mwambie na yeye," Musili akaniambia. "Mwambie vile umeniambia."

Nikamgeukia Nzembi, nikamwambia. Baba yako hakusahau kitu. Nilikosea mimi. Nikarudia, kwa sababu sauti haikutoka vizuri mara ya kwanza. Nikawapa salamu za Bwana Thuo, kota, Jumatatu, yote. Nzembi akaingia ndani, akatoka na mkoba, akampa babake kile kifungulio.

Musili akainuka. Alifungua mtungi mwenyewe, akawasha, akateleka chai, akawa anaongea, maskini, mtu aliyekuwa bubu wiki mbili, anauliza hiyo pampu inatumia umeme kiasi gani na betri itaweza. Alitia majani, akatia sukari. Akaniuliza kama vali inazibuka. Akatia sukari.

Nzembi alinitazama, nami nikamtazama. Musili akanimiminia kikombe, akakileta kwa mikono miwili, anacheka.

Ilikuwa tamu mno, imepita alama ya kunyweka. Labda ni furaha. Labda nilikuwa nazungumza nikamchanganya. Sijui, wallahi sijui, na nimekwishasema mara moja kwamba najua.

Nikamwambia chai yake ni nzuri, nikainywa yote.